Kipata iko wapi siku hizi?

Mwaka 2022 Boko ilipata nguzo za anwani. Februari ya mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa ameagiza kila nyumba nchini ipewe namba na kila njia ipewe jina kabla ya Sensa ya Agosti 23, na vijana wenye madaftari na simu wakapita Basihaya, Dovya na Magengeni, wakaingia hadi kwenye vichochoro ambavyo bodaboda huvikwepa wakati wa masika. Leo nyumba ya Boko ina kibao chenye namba, ina jina la barabara na ina postikodi. Fundi wa king'amuzi anaelekezwa kwa simu na anafika bila kumuuliza muuza genge.

Ila ukikaa barazani na wenye nyumba hizo ukawauliza wazee wao walikuwa wakiishi wapi, utasikia majina ambayo hayamo katika kibao chochote cha jiji hili. "Tulikuwa Kichwele." "Babu alijenga Kipata." "Mama kazaliwa New Street, jirani na ofisi ya TANU." "Baba alikuwa tarishi Acacia Avenue." Mjukuu anasikiliza, anachukua simu, anatafuta Kichwele, haioni. Anakata shauri kwamba bibi anachanganya mambo kwa sababu ya uzee. Bibi hachanganyi chochote. Kichwele ni Mtaa wa Uhuru, New Street ni Lumumba, Acacia Avenue ni Samora, na Kipata ni mtaa ambao leo unaitwa Kleist Sykes.

Nasema hivi kwa uzito wote: kwa familia nyingi za Kiswahili za Dar es Salaam, jina la zamani la mtaa ndiyo karatasi pekee ya ukoo iliyobaki, ingawa haikuandikwa popote ila vichwani. Tunaiacha ipotee wakati ramani za kuithibitisha zipo, na wanaoikumbuka bado wako hai, wengine wao hapa hapa Boko.

Kwa nini Boko? Kwa sababu ya jinsi sehemu hii ilivyojaa watu. Boko iko kilomita kama 25 kutoka katikati ya jiji, kati ya Tegeta na Bunju, kwenye barabara ya Bagamoyo. Kwa miaka mingi huku kulikuwa shamba. Watu wa mjini walikuja Jumamosi na jembe, wakapalilia mihogo chini ya mikorosho, wakarudi jioni. Kisha nyumba za urithi zikaanza kuuzwa Kariakoo, Ilala na Magomeni. Kibanda cha udongo na bati cha babu kilichokaa kwenye kiwanja cha Kariakoo kikawa na thamani ya ghorofa, warithi wakagawana, na fungu la kila mmoja likatosha kununua kiwanja huku na kuinua msingi. Wengine walikuja kwa msiba: baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua zaidi ya watu 40 jijini, serikali iliwahamisha wakazi wa bonde la Msimbazi na kuwapa viwanja Mabwepande, jirani yetu wa upande wa bara.

Katika uuzaji wa namna hiyo kuna jambo ambalo warithi huligundua wamechelewa. Nyumba ikiuzwa, hati inakwenda kwa mnunuzi. Karatasi yenye namba ya kiwanja, namba ya kitalu na jina la mzee inaondoka pamoja na funguo. Familia inabaki na fedha, na fedha hazikai. Kinachosalia ni kile ambacho mnunuzi hakukihitaji: stakabadhi za kodi, barua, kadi za chama, picha ya arusi yenye muhuri wa studio nyuma.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima aliyestaafu uuguzi, anavyo vitu vya namna hiyo katika sanduku la bati chini ya kitanda. Alinitolea stakabadhi moja ya kodi ya kiwanja. Karatasi imegeuka rangi ya chai, imekunjwa mara nne na mkunjo mmoja umekatika kabisa, umeshikizwa kwa gundi ya karatasi. Mwandishi wa ofisi aliandika kwa wino wa buluu, herufi zimelala upande mmoja: jina la babu wa mama huyu, shilingi zilizolipwa, namba ya kiwanja, namba ya kitalu, na mwisho kabisa neno moja, *Kipata*. Mwaka wake unasomeka 1937.

"Mwanangu, Kipata iko wapi siku hizi?" aliniuliza. "Mama alikuwa anaitaja, lakini mimi nimelelewa Magomeni. Sikuwahi kupelekwa."

Tulikwenda pamoja. Kleist Sykes ya leo ni maduka, mikokoteni, mabunda ya mali na ghorofa zilizobanana. Kwenye kivuli cha ngazi ya jengo moja tulimkuta mzee anayeuza kofia na tasbihi. Mama akamwamkia, shikamoo, marahaba, halafu likaja swali ambalo kila mzee wa Pwani huliuliza kwanza: "Wewe wa nani?" Akamtaja babu yake. Mzee akanyamaza kidogo, akamtaja mtu mwingine, mke wa yule babu, kwa jina lake la utani. Ndipo nilipojua tumefika. Akatuonyesha ghorofa moja upande wa pili wa barabara: palikuwa na nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, kibaraza mbele, na mkungu mkubwa uani ambao watoto waliokota kungu zake.

Namba za stakabadhi hazikukubaliana naye. Kwenye ramani ya viwanja, kiwanja kilichoandikwa kiko kitalu hicho hicho lakini upande wa nyuma, kinatazama mtaa mwingine. Nani ana haki? Wote wawili, kwa maoni yangu. Babu alikuwa na kiwanja kimoja na huenda alikaa kwingine, kwa kuwa wenye nyumba wengi wa Kariakoo walipangisha vyumba na wengine wakaishi kwa ndugu au kwa mke mwingine. Utafutaji wa aina hii haukwepi jambo hili. Ramani inamjua aliyelipia kiwanja. Jirani anamjua aliyelala ndani. Na sehemu kubwa ya watu wa Dar ya zamani walikuwa wapangaji wa chumba kimoja, watu ambao hawana jina kwenye ramani wala kwenye hati. Kwao kumbukumbu ya jirani ndiyo kila kitu.

Majina ya vita

Kabla sijaendelea na ramani, nataka nikae kidogo Kariakoo, kwa sababu majina ya mitaa yake yanaeleza kisa ambacho wengi tunapita juu yake na mifuko ya manunuzi.

Eneo lile lilikuwa shamba la Mjerumani aliyeitwa Schoeller. Serikali ya Wajerumani ililinunua muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikiwa na nia ya kuwahamishia Waafrika huko na kuwatenga na mji wa Wazungu. Vita vikaingilia. Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916, uwanja ule ukawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, na jina la kikosi hicho likatamkwa na wenyeji hadi likawa Kariakoo. Vita ile ilikula wapagazi karibu milioni moja kwa upande wa Waingereza peke yao, na hesabu yao wenyewe inakiri vifo visivyopungua 95,000, vingi vya kuhara, homa na njaa. Vita ilipokwisha kambi ikapimwa viwanja, mitaa ikanyooshwa kwa kamba, na mitaa ikahitaji majina.

Sasa soma vibao. Narung'ombe: mahali palipopiganwa vita vikali Julai 1917, bara ya Kilwa. Tandamti: kilima cha Tandamuti karibu na Lindi, Agosti 1917. Mahiwa: Oktoba 1917, siku nne za mapigano ambayo Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kwa kuuawa na kujeruhiwa. Ongeza Lindi, Masasi, Ndanda, Rufiji. Ukiyapanga majina haya kwenye ramani ya nchi, yanafuata njia ile ile ambayo majeshi na wapagazi waliipita wakielekea kusini. Watu wananunua vitenge Narung'ombe na viatu Mahiwa bila kujua kwamba miguu ya babu zao huenda ilifika Narung'ombe na Mahiwa zenyewe, na mzigo kichwani.

Kwa anayetafuta wazee wake hili lina maana ya moja kwa moja. Askari na wapagazi waliosalimika hawakurudi wote kwao. Wanyamwezi, Wamanyema, Wasukuma, Wangoni, Wayao, Wanubi na wengine walibaki Dar es Salaam wakapata viwanja au vyumba, na mitaa mingine ikachukua majina ya makabila: Nyamwezi, Sukuma, Gogo, Somali. Ikiwa katika familia yenu kuna kauli kwamba "babu alikuja na vita", usiiache ipite. Uliza alikaa mtaa gani, kisha uliza nani walikuwa majirani zake.

Kipata yenyewe ina mfano mzuri kuliko yote. Kleist Sykes, ambaye mtaa sasa unabeba jina lake, alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa miongoni mwa askari waliochukuliwa Msumbiji na Hermann von Wissmann kuja kupigana na watu wa Pwani waliomuunga mkono Abushiri. Kleist naye akavaa sare ya Wajerumani katika Vita Kuu, akaja kufanya kazi reli chini ya Waingereza, akawa katibu wa kwanza wa African Association iliyoundwa mwaka 1929, akajenga nyumba Kipata, akafariki mwaka 1949. Tunayajua haya kwa sababu aliacha maandishi, na kwa sababu mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, aliyachukua maandishi hayo akaandika maisha ya babu yake katika kitabu alichokihariri John Iliffe, *Modern Tanzanians*, kilichotoka mwaka 1973. Miaka 25 baadaye, mwaka 1998, Mohamed Said akachapisha kitabu chake juu ya Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist, na tangu hapo amekuwa akiandika historia ya uhuru kwa kutaja mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, nani alikaa na nani kwenye kibaraza kipi. Nimesoma wanaomlaumu na wanaomsifu. Kwangu mchango wake mkubwa ni kwamba aligoma kuyaacha majina ya mitaa ya zamani. Bila Kipata, Stanley na New Street, nusu ya watu anaowataja wangeelea hewani bila mahali pa kusimama.

Angalia kwamba katika kisa cha Kipata mabadiliko ya jina yenyewe yalikuwa heshima kwa mkazi wa mtaa. Siwezi kulalamikia hilo. Wala silalamikii Acacia Avenue kuondoka. Jina lile lilipandwa na Wajerumani waliouita mtaa Unter den Akazien, Waingereza wakautafsiri, sisi tukauita Independence Avenue baada ya 1961, kisha ukapewa jina la Samora Machel. Taifa huru lina haki ya kuwakumbuka watu wake kwenye barabara zake. Ninacholalamikia ni namna jina la zamani linavyong'olewa na kutupwa, bila daftari, bila mstari mdogo chini ya kibao unaosema hapa zamani paliitwa nini.

Jina linavyotaja umri

Mtu akishaupata mpangilio wa majina, karatasi za zamani zinaanza kusema zaidi ya zilivyoandikwa. Bahasha yenye anwani ya Independence Avenue haiwezi kuwa ya kabla ya uhuru. Barua yenye City Drive kichwani inakupeleka kabla ya Aprili 1984, alipofariki Edward Sokoine, au muda mfupi baada ya hapo, kwa kuwa barabara ile ya mbele ya bandari ndiyo ikawa Sokoine Drive. Na kabla ya City Drive iliitwa Azania Front, jina ambalo Kanisa la Kilutheri la pale bado linalibeba. Cheti kinachotaja Upanga Road ni cha kabla barabara hiyo haijawa Ali Hassan Mwinyi. Picha ambayo nyuma imeandikwa "Ocean Road" ni ya kabla ya 2013, mwaka Barack Obama alipokuja na barabara ikapewa jina lake.

Tahadhari moja hapa. Haya ni kweli kwa vichwa vya barua vilivyochapwa na vyeti vya ofisi. Mdomo wa watu hauendi kwa amri ya manispaa. Mpaka leo abiria wa Mikocheni anasema Old Bagamoyo, ingawa kibao kinasema Mwai Kibaki. Kule Temeke watu wanashuka kituo cha Wailes, na mitambo ya simu ya upepo iliyolipa eneo jina lake wengi wao hawajawahi kuiona. Basi bibi akisema "Kichwele" katika kisa cha mwaka 1975, usimsahihishe. Andika alivyosema, kisha andika pembeni jina la ramani.

Ramani zenyewe ziko wapi? Ofisi ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, ina majalada ya Waingereza na yale ya Wajerumani yenye alama ya G, na ndani yake mna michoro ya mji, orodha za viwanja, na malalamiko ya watu waliohamishwa. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho, na nenda na subira, maana jalada halisomwi kwa haraka kama gazeti. Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi ina ramani za upimaji zinazoonyesha kitalu na kiwanja. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika hazina yake ya East Africana, ina magazeti ya zamani, na mimi humshauri kila anayetafuta asiyapuuze. *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923, lilichapisha barua za wasomaji wa kawaida wenye majina na mahali walipo. Aliyekuwa karani, mwalimu au fundi miaka ile ana nafasi ya kuonekana humo kuliko katika jalada la serikali.

Wakristo wana daftari za ubatizo na ndoa, na kanisa la zamani kama Mtakatifu Yosefu au Azania Front, yote mawili yaliyokamilika mwaka 1902, ni mahali pa kuuliza. Kwa familia za Kiislamu, anza na msikiti ambao mzee alisali na makaburi alikozikwa. Na usome J.A.K. Leslie. Ripoti yake ya utafiti uliofanywa mwaka 1956, *A Survey of Dar es Salaam*, iliyochapwa 1963, iliandikwa na ofisa wa kikoloni na ina macho ya kikoloni, lakini inaeleza nani walikaa wapi, walipanga vipi na waliishi kwa kazi gani, kwa undani ambao sijauona kwingine.

Ramani hizi zina upofu wake, na ni lazima usemwe. Tangu amri ya ujenzi ya Wajerumani ya 1891 mji uligawanywa kwa aina ya majengo, na mgawanyo huo ukawa wa rangi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa katikati kama mpaka. Mchoraji alipofika kwenye nyumba za mawe alichora kila ukuta. Alipofika kwenye vibanda vya makuti mara nyingi alipaka kivuli akasonga mbele. Kwenye kivuli kile ndiko walikokuwa wazee wetu.

Boko yenyewe, kabla ya mitaa

Kuna upande wa pili wa habari hii, na ndio unaonigusa zaidi, kwa kuwa Boko si mahali pa wahamiaji tu. Wapo watu ambao wazee wao walikuwa hapa hapa, Wazaramo na watu wa pwani ya Mbweni, Ununio na Kunduchi, kabla hajafika mpima ardhi yeyote. Kwao hakuna Kipata ya kutafuta. Hakukuwa na mitaa.

Ramani za zamani za huku ni za aina nyingine. Wajerumani walichapisha ramani ya koloni lao zima kwa kipimo cha 1:300,000, kazi ya Paul Sprigade na Max Moisel, na baadaye nchi ikapimwa kwa picha za angani ikachorwa kwa kipimo cha 1:50,000. Katika ramani ya namna hii unaona mto Mpiji unaotutenga na Bagamoyo, unaona njia za miguu, visima, vitone vya nyumba, alama za minazi. Kinachokuongoza ni maji na miti.

Miti hasa. Katika desturi ya Pwani mtu anaweza kuwa na mnazi au mwembe kwenye ardhi isiyo yake, na mti hurithiwa kama nyumba. Penye miembe mikubwa iliyopangika, minazi iliyozeeka na mbuyu karibu, aghalabu palikuwa na watu. Wazee wanapaita mahame. Mzee mmoja wa Basihaya ananionyesha mwembe uliobaki ndani ya ukuta wa nyumba ya mtu na kuniambia bila kusita nani aliupanda, watoto wake walikuwa wangapi na kisima chao kilikuwa upande gani. Mwenye nyumba wa sasa ni mtu mwema, anawaacha watoto waokote maembe, lakini anataka kupanua banda la gari. Mwembe ule ukikatwa, shahidi wa mwisho wa mji ule atakuwa huyo mzee.

Majina ya vitongoji yanabeba kisa hicho hicho. Kule upande wa kilima cha Wazo, ambako kiwanda cha saruji kilianza kuzalisha mwaka 1966, kuna Chasimba, Chatembo na Chachui, majina yanayosikika kwenye vyombo vya habari kwa ajili ya mgogoro wa ardhi. Yasikilize tena kama majina: simba, tembo, chui. Waliopaita hivyo waliishi kwenye pori lenye wanyama, na waliishi humo vya kutosha hadi kila upande ukawa na mnyama wake. Barabara zikipewa majina mapya ya maua na viongozi, sina ugomvi, ila mtoto wa kesho atajuaje kwamba hapo palikuwa Chatembo?

Wenzetu wamefanya nini? London, ambako barabara nyingi zilibadilishwa majina kwa sababu zilifanana, baraza la mji lilichapisha vitabu vyenye jina la zamani na jipya sambamba, na mpaka leo anayetafuta nyumba ya babu yake anaanzia hapo. Zanzibar iko karibu zaidi. Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, kwa miaka mingi ilionekana haina historia ya kuandika, na majumba marefu ya Michenzani yalipita juu ya mitaa mizima. Mwaka 2019 kilitoka *Ng'ambo Atlas*, kitabu kikubwa kilichokusanya ramani za zamani na kuwakalisha wazee wa Ng'ambo watoe majina na mipaka ya mitaa yao, na matumizi ya viwanja vyao. Kwa kitabu kile Mzanzibari wa Vikokotoni au Kisiwandui anaweza kuweka kidole mahali bibi yake alipocheza.

Dar es Salaam nayo haijakosa watu wa kazi hiyo. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatuma wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye kata zinazofurika, wakatembea na wakazi wakichora mifereji, njia na nyumba na kuziweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuisahihisha. Ramani ile ina nafasi maalumu ya kuandika jina la zamani la mahali. Mtu mwenye simu, aliyekaa na mama yake jioni moja, anaweza kuijaza.

Kwa hiyo ombi langu kwa serikali za mitaa za huku, kuanzia Boko hadi Bunju na Mabwepande, ni dogo na halihitaji bajeti kubwa. Daftari la anwani la 2022 lipo. Kila mjumbe anawajua wazee wa shina lake. Iongezwe safu moja tu pembeni ya kila jina jipya, ya mahali palivyoitwa kabla, na ya pili kwa wanaotaka, ya mtaa ambao familia ilitoka. Tungejua ndani ya masika moja Boko ina watu wangapi wa Kichwele, wangapi wa Gerezani, wangapi ambao wazee wao hawakutoka popote. Na halmashauri za Kinondoni, Ilala na Temeke zitoe orodha moja ya majina ya zamani na mapya, ichapwe, ibandikwe, ipelekwe shuleni.

Jirani yangu hakungoja. Tuliporudi kutoka Kariakoo alilifungua tena sanduku, na chini ya stakabadhi ya Kipata akatoa nyingine ndogo zaidi, yenye jina la bibi yake upande wa mama, na neno Gerezani. Namba ya kitalu imeliwa na mchwa. Yule mzee wa kofia amemwambia kuna mtu Keko, mtoto wa fundi wa reli, anayewajua watu wa Gerezani ya zamani. Ameshapata namba yake ya simu, na ameniomba nipeleleze Upanga kama kuna mchoro wa viwanja vya huko wa kabla ya 1940.